Sentimita Arobaini na Tatu Juu ya Maji

Barua ilifika Jumanne ya kwanza ya Oktoba, na aliyeifungua ni Bibiane, kwa sababu mumewe alikuwa hajarudi kutoka kazini. Aliisoma akiwa amesimama mlangoni, koti bado mwilini, kisha akaisoma tena akiwa ameketi kwenye ngazi. Kampuni iliyoiwekea nyumba yao bima kwa miaka tisa ilisema, kwa maneno ya adabu, kwamba ramani mpya ya mafuriko imeiweka nyumba namba kumi na saba katika eneo la hatari kubwa. Mvua kubwa ikipiga, maji ya bonde yanakadiriwa kupanda hadi mita hamsini na saba na sentimita arobaini juu ya usawa wa bahari. Kampuni ilichukulia kwamba sakafu ya chini ya nyumba iko sawa na barabara. Kwa hiyo mkataba ungekoma mwisho wa Machi, isipokuwa wenye nyumba walete cheti cha mpimaji ardhi aliyeapishwa, kinachoonyesha kwamba sakafu wanayoishi iko juu ya kiwango hicho.

Bibiane alikuwa mtunzaji wa wazee, anayekwenda nyumba hadi nyumba kuwaogesha na kuwapa dawa, na kwa miaka mingi ya kuwasomea wazee barua zao alikuwa amejifunza kuona tishio lililofichwa ndani ya adabu. Benki iliyowakopesha fedha za kununua nyumba ilikuwa na sharti moja lisilojadiliwa: nyumba isikae hata siku moja bila bima.

Mtaa wao ni mfupi, unateremka kutoka uwanja wa Flagey, Brussels, hadi chini kabisa ya bonde, mahali ambapo kijito cha zamani kilifunikwa vizazi vingi vilivyopita na sasa kinapita ndani ya mabomba. Nyumba yenyewe ni nyembamba, ya matofali mekundu, ghorofa tatu, na ili kuingia mlangoni unapanda ngazi sita za mawe. Kwa miaka tisa maji hayakuwahi kupita stoo ya chini ya ardhi, ambako waliweka baiskeli mbovu na magunia ya viazi.

Kabeya alipoingia saa sita mchana, mkewe alimpa barua. Alikuwa mtu wa miaka sitini na miwili, mrefu, mwenye mabega yaliyoinama kidogo, na kila siku aliondoka nyumbani alfajiri kwenda kufanya usafi katika majengo marefu ya ofisi karibu na kituo cha treni cha Gare du Nord. Aliisoma barua polepole hadi mwisho. Kisha akauliza swali ambalo Bibiane hakulitarajia.

"Hii chiffre, cinquante-sept quarante, banaipima toka wapi?"

Bibiane alimwambia kwamba hilo halikuwa swali. Swali lilikuwa ni wapi wangelala mwezi wa Aprili. Lakini Kabeya alikuwa tayari amejijibu mwenyewe, kwa sauti ya chini, kwamba namba hiyo, hamsini na saba na arobaini, lazima inapimwa kutoka baharini, kule Ostende, kama miinuko yote ya nchi hii.

Ili kuelewa kwa nini aliuliza hivyo, yafaa ujue alikuwa nani kabla ya Brussels. Kabeya Mwenze alizaliwa Likasi, kusini mwa Kongo. Akiwa na miaka kumi na tisa aliajiriwa katika mgodi wa wazi karibu na Kolwezi, kazi yake kushika fimbo ya vipimo, ile ndefu yenye namba nyeusi na nyekundu ambayo watu wa kazi huiita mire, huku mwingine akiisoma kwa darubini kutoka mbali. Alisoma shule ya jioni, akapata diploma, akawa topografu, mpimaji wa miinuko ya ardhi, na alipofika miaka thelathini alikuwa na kikosi chake. Yeye ndiye aliyeamua mfereji wa maji upite wapi ili shimo lisijae, na barabara ya malori iteremke kwa kiasi gani ili breki zisishindwe. Kosa la sentimita kumi pale lilikuwa mtu kufa. Alifanya kazi hiyo miaka ishirini na miwili, na hakuna aliyekufa kwa kosa lake.

Kisha mgodi ukafungwa. Walikuja Ubelgiji na binti yao Ornella akiwa bado mdogo, na Kabeya akapeleka diploma yake itambuliwe. Ilirudi na jibu kwamba masomo ya shule ile hayangeweza kuthibitishwa. Akachukua kazi ya usafi, akisema ni ya muda tu. Muda huo ulikuwa sasa miaka ishirini. Kanisani walimjua kama papa anayepanga viti baada ya misa. Habari za Kolwezi hakuzizungumza, na watu waliacha kumuuliza.

Mazungumzo ya nyumbani yalikuwa magumu wiki ile. Bibiane alitaka wauze mapema, kabla habari haijaenea. Mwaka 2021 alikuwa ameona kwenye televisheni magari yakielea barabarani kama masufuria, na mama wa mwenzake wa kazi, huko upande wa Liège, alitolewa kupitia dirisha la juu na mashua ya wazima moto. Ornella, aliyekuwa akiishi Namur na mumewe, alipiga simu kusema kwamba mama yuko sahihi, na kwamba kuna vyumba vizuri Evere, ghorofa ya tatu, hakuna maji yanayofika huko.

Jambo zito zaidi lilitoka kwa jirani. Jamila, mjane kutoka Bujumbura aliyekaa namba kumi na tisa, alikuwa amepokea barua kama hiyo tangu Juni. Alimwita mpimaji, mpimaji akapima, na cheti chake kikasema sakafu iko chini ya kiwango cha maji kwa karibu sentimita ishirini. Tangazo la kuuza lilikuwa tayari limebandikwa dirishani kwake. Nyumba hizo mbili zilijengwa na fundi mmoja, mwaka mmoja, zikiwa na ngazi sita kila moja.

Kabeya alikwenda kwa Jamila, akaomba kukiona cheti, akakisoma akiwa amesimama. Aliporudi hakusema kama kiko sawa au hakiko sawa. Alisema tu kwamba kuna kitu hakikai sawa.

Siku iliyofuata alikwenda ofisi ya wilaya, akaomba kuangalia ramani ya mabomba ya mtaa wao. Mtumishi wa pale alishangaa kidogo kuona mtu anayejua jina la karatasi anayoitaka. Ramani ilionyesha kwamba mfuniko wa chuma ulio barabarani mbele ya namba kumi na saba uko mita 56.80. Kabeya aliinakili namba hiyo kiganjani kwa kalamu, kwa sababu alikuwa amesahau daftari.

Jumamosi alinunua mpira wa maji unaopitisha mwanga, mita kumi na mbili, akaujaza maji mpaka mapovu yote ya hewa yakatoka. Alimwomba Bibiane achuchumae barabarani na kushika ncha moja juu ya mfuniko, naye akapanda ngazi na ncha nyingine mpaka kizingiti cha mlango. Njia hii ni ya zamani kuliko darubini zote: maji yaliyo ndani ya mpira mmoja husimama sawa pande zote mbili, hata kama kuna kona katikati. Walisubiri yatulie. Wapita njia waliwaangalia, na Bibiane aliinamisha kichwa ili asitambuliwe na watu wa parokia. Kabeya alipima, akapima tena, akapima mara ya tatu. Kizingiti kilikuwa juu ya mfuniko kwa mita moja na sentimita nne.

"Cinquante-sept quatre-vingt-quatre," akasema, yaani hamsini na saba na sentimita themanini na nne. "Tuko juu ya mayi, mama Ornella."

Bibiane aliuangalia mpira ule wa bustani, kisha akamwangalia yeye. "Kwa tuyau ya jardin?"

"Mayi haiwezi kudanganya."

Aliandika barua kwa kampuni ya bima, kwa Kifaransa kizuri, na mchoro uliopigwa kwa rula. Jibu lilikuja baada ya wiki mbili, mistari mitatu: walimshukuru kwa juhudi zake, na walimkumbusha kwamba cheti kinachokubalika ni cha mpimaji aliyeapishwa pekee. Bibiane aliisoma. Aliiweka barua mezani, karibu na sahani ya mumewe, na hilo lilimuuma Kabeya kuliko maneno.

Wapimaji wawili aliowapigia simu walikuwa na kazi mpaka Aprili. Wa tatu alikuwa na ofisi karibu na Porte de Namur, juu ya saluni ya nywele, na Kabeya alikwenda mwenyewe badala ya kupiga simu. Jina mlangoni lilikuwa Aïcha Kadiri. Alikuwa mwanamke wa miaka thelathini na mitatu hivi, mwenye kitambaa cha kijani kichwani na buti za kazi zenye matope chini ya meza safi. Walizungumza Kifaransa. Alimweleza kwamba msaidizi wake amevunjika mguu na hawezi kuahidi chochote, lakini alipoona mchoro wa Kabeya aliuangalia muda mrefu kidogo, akafungua kalenda, akampa Alhamisi moja ya Novemba.

Alhamisi hiyo ilikuwa na baridi kavu. Aïcha alifika peke yake, akasimamisha darubini yake juu ya miguu mitatu, na kwa kuwa hakuwa na msaidizi alitumia fimbo inayojisimamia kwa vyuma. Alianzia kwenye alama rasmi iliyo karibu, kitufe cha shaba kilichopachikwa katika ukuta wa shule ya zamani chini ya mtaa, ambacho mwinuko wake umeandikwa katika daftari la nchi. Kutoka hapo alipanda kituo kwa kituo mpaka kizingitini, kisha akarudi kituo kwa kituo mpaka kwenye kitufe, kama inavyotakiwa. Kabeya alimtazama kutoka dirishani na hakutoka nje. Aliona kwamba binti anafanya kazi safi.

Bibiane aliweka chai. Aïcha alikaa jikoni, akajumlisha, na aliposema namba aliisema akiangalia daftari. Hamsini na saba na sentimita ishirini na mbili. Sakafu iko chini ya maji kwa sentimita kumi na nane. Alisema anasikitika. Alisema atawatumia cheti wiki inayofuata, na kwamba wanaweza kuamua wasikitumie, lakini yeye hawezi kuandika namba nyingine.

Bibiane alianza kukunja taulo ya jikoni, akaikunja mpaka haikuweza kukunjika tena. Kabeya aliuliza jambo moja tu: aliporudi kwenye kitufe, tofauti ilikuwa kiasi gani? Milimita moja, Aïcha akajibu. Kabeya akaitikia kwa kichwa. Akasema kwa sauti ndogo, kwa lugha ya nyumbani, kama mtu anayejisemea:

"Basi niveau haina kosa. Kosa iko ku mwanzo."

Aïcha aliinua uso. Alikuwa ameondoka Buyenzi, Bujumbura, akiwa na miaka sita, na Kiswahili alikuwa nacho kutoka kwa mama yake. Hakutarajia kukisikia katika kikao hiki.

"Papa, umesema kosa liko mwanzo. Unamaanisha nini?"

Bibiane alimshika mumewe mkono. "Papa Ornella, acha. Huyu mama alisoma."

"Na miye nilisoma," Kabeya akasema.

Hakuinua sauti. Lakini Bibiane aliuondoa mkono wake, kwa sababu katika miaka ishirini ya Brussels hakuwa amemsikia akilisema neno hilo.

Ndipo Kabeya akaeleza. Kutoka mfunikoni hadi mlangoni yeye alipata mita moja na sentimita nne. Mfuniko una mwinuko wake katika ramani ya mabomba. Hesabu yake na hesabu ya Aïcha zilipishana kwa sentimita sitini na mbili, na mpira wa maji unaweza kukosea sentimita moja, hata mbili ukiwa na mkono mbaya, lakini si sitini na mbili. Darubini nayo, ile niveau, ilirudi ilikotoka bila kupotea. Kama njia ni nzima kwenda na kurudi, basi mahali pa kuanzia ndipo pagonjwa. Na mpimaji wa Jamila, je, si alianzia kwenye kitufe hicho hicho?

Aïcha alisema ramani za mabomba huwa na makosa yake, na hilo lilikuwa kweli. Kabeya alikubali. Kisha akauliza: "Ile fiche ya bouton, inasema iko urefu gani toka chini?"

Kila alama rasmi, kama kitufe kile, ina karatasi yake, na katika karatasi hiyo, pamoja na mwinuko, huandikwa alama iko juu ya ardhi kwa kiasi gani. Aïcha alikuwa amechukua mwinuko tu, kama wafanyavyo wengi. Aliifungua karatasi kwenye simu, akaiangalia, akasimama na kuvaa koti. Walishuka mtaani wote watatu. Karatasi ilisema sentimita arobaini na nane. Kabeya alishika mwanzo wa futi ya chuma chini, Aïcha akaivuta mpaka kwenye kitufe. Mita moja na sentimita tisa.

Chini ya kitufe, sehemu yote ya chini ya ukuta ilikuwa imevikwa mawe mapya ya kijivu, na saruji iliyokishika kitufe ilikuwa nyeupe kuliko saruji ya matofali ya jirani. Shule ilikuwa imegeuzwa kuwa vyumba vya kupanga. Mlinzi wa jengo, aliyekuwa akitoa mapipa ya taka, aliwaambia kwamba ukuta ulifanyiwa kazi miaka sita iliyopita, na kwamba fundi mmoja alikikuta kitufe hicho kikimzuia, akakitoa, kisha akakirudisha juu zaidi kwa sababu alikiona ni kizuri na hakutaka kipotee.

Fundi alikuwa na nia njema. Lakini alikuwa amekipandisha kitufe kwa sentimita sitini na moja, huku daftari la nchi likibaki na mwinuko wake wa zamani, na kwa hiyo kila nyumba iliyopimwa kutoka hapo tangu siku hiyo ilikuwa imeshushwa kwa sentimita sitini na moja kwenye karatasi.

Bibiane aliuliza kama basi imekwisha, kama cheti kinaweza kuandikwa. Aïcha alisema hapana. Huenda barabara ya miguu nayo ilishushwa au ilipandishwa, hakuna ajuaye. "Sitaandika kitu ambacho sikukipima, Papa. Hata kama nakuamini."

"Na miye siombe vile," Kabeya akasema. "Tupime."

Alama nyingine ya kuaminika ilikuwa kwenye ukuta wa kanisa, ng'ambo ya maziwa ya Ixelles, karibu mita mia saba kutoka nyumbani. Kwenda na kurudi kwa darubini, kituo kwa kituo, katikati ya magari na watu, ni kazi ya siku nzima, na haiwezekani kwa mtu mmoja. Aïcha alisema itabidi wasubiri mguu wa msaidizi wake upone. Kabeya akasema, "Nitashika mire."

Walianza Jumamosi saa mbili asubuhi, kanisani. Aïcha alimpa fimbo, na alikuwa tayari kumfundisha jinsi ya kuisimamisha, lakini hakuhitaji. Kabeya alifuta kitako cha fimbo kwa kitambaa, akakiweka juu ya alama taratibu kama anayeweka yai, akarudi nyuma ya fimbo na kuishika kwa vidole tu. Kisha akaanza kuiinamisha polepole mbele na nyuma, mbele na nyuma, ili yule anayesoma aione namba ndogo kuliko zote, ambayo ndiyo ya kweli. Hicho hakifundishwi tena sana siku hizi. Aïcha alikuwa amekiona kwa mwalimu wake mzee, mara moja.

Walizunguka kando ya maziwa, ambako bata walikuwa wakitembea juu ya nyasi zenye umande ulioganda. Mahali pa kuweka fimbo kati ya kituo na kituo Kabeya alipachagua mwenyewe: kichwa cha jiwe la ukingo, boliti ya nguzo ya taa, kamwe si lami, kwa sababu lami hubonyea. Alihesabu hatua zake kwa sauti, kwa Kiswahili, ili darubini ikae katikati kabisa ya fimbo mbili. Flagey ilikuwa siku ya soko, na ilibidi wapite kati ya meza za jibini na za maua. Muuza samaki aliwauliza kama wanakuja kujenga reli. Mama mmoja wa Kikongo aliyemjua Kabeya kutoka kanisani alisimama na kikapu chake, akamtazama akiwa amenyooka kando ya fimbo ile ndefu, akisema namba kwa sauti ambayo haikuwa ya kupanga viti. Alimsalimia kwa kichwa na hakumkatiza.

Walifika mlangoni mwao saa sita na nusu. Bibiane aliwaletea maandazi na chai ya tangawizi, wakala wamesimama, kisha wakageuka na kurudi njia yote ile mpaka kanisani, kwa sababu kipimo kisichorudi kilikotoka si kipimo. Saa kumi jioni, mwanga ukianza kupungua, Aïcha alisoma fimbo ya mwisho. Alikaa kwenye ngazi za kanisa na daftari magotini. Alijumlisha mara moja, akajumlisha mara ya pili kutoka chini kwenda juu. Katika mwendo wa karibu kilomita moja na nusu walikuwa wamepotea kwa milimita tatu.

Hakusema namba. Aligeuza daftari na kumpa Kabeya asome mwenyewe, na Kabeya, kwa desturi ya zamani, alikagua kwanza hesabu zote tangu mstari wa kwanza kabla ya kuangalia wa mwisho. Kizingiti cha namba kumi na saba: 57.83. Mpira wa maji ulikuwa umekosea sentimita moja.

Alimrudishia daftari. Aïcha akaanza kufunga miguu ya darubini. Kabeya alisema tu kwamba kazi ilikuwa nzuri.

"Nilikuwa na msaidizi mzuri," Aïcha akasema. Kisha akajisahihisha. "Hapana. Nilikuwa na mwenzangu."

Bibiane alikuwa akiwangojea mlangoni na sweta mabegani.

"Quarante-trois," Kabeya akamwambia. Sentimita arobaini na tatu.

"Juu ao chini?"

"Juu."

Bibiane aliketi pale pale kwenye ngazi, akaanza kucheka, na alicheka mpaka akajifuta macho kwa mkono wa sweta. Kisha akainuka, akaingia ndani, akampigia Ornella simu, na mtaa wote ukasikia.

Cheti kilifika Desemba, kurasa nne, na muhuri wa mpimaji aliyeapishwa kwenye kila ukurasa. Bibiane alikisoma chote kwa sauti mezani, hata sehemu ambazo hakuzielewa. Katika ukurasa wa mwisho, chini ya orodha ya vituo, palikuwa na mstari unaotaja waliofanya upimaji. Wa kwanza alikuwa Aïcha Kadiri, géomètre-expert, yaani mpimaji aliyeapishwa. Wa pili: Kabeya Mwenze, topographe. Bibiane alisita hapo. Akarudia mstari huo, polepole zaidi. Kabeya aliomba aione karatasi, akaenda nayo chini ya taa ya ukumbini, akakaa huko muda. Ilikuwa karatasi ya kwanza ya nchi hii kumwita kwa jina la kazi yake.

Kampuni ya bima ilijibu katikati ya Januari. Nyumba imeondolewa katika kundi la hatari kubwa, mkataba unaendelea. Aïcha alikwishawaandikia wanaotunza daftari la alama, na mtu alikuja, akapima, akakifuta kitufe cha shule katika orodha. Nyumba nyingine tano za upande ule zilipimwa upya kutoka kanisani, na zote tano zilikuwa juu ya maji. Jamila alikuwa na mnunuzi tayari, mtu mwenye haraka, aliyekuwa ameshusha bei kwa sababu ya cheti kibaya. Asubuhi alipopata cheti kipya alimpigia simu na kumwambia kwamba nyumba haiuzwi tena. Mchana ule alipika pilau, akaipeleka namba kumi na saba katika sufuria kubwa iliyofunikwa kwa kitambaa, na alipoambiwa asante alisema wasimshukuru, wamrudishie sufuria tu.

Lakini kabla ya hayo yote kwisha Aïcha alikuwa ameshafika nyumbani kwao na pendekezo. Msaidizi wake alikuwa amepona mguu na kupata kazi kwingine. Alihitaji mtu, siku nne kwa wiki, mkataba wa kudumu. Alilisema moja kwa moja, bila kuzunguka, kisha akanywa chai yake na kusubiri. Kabeya alisema yeye ni mzee. Aïcha alisema fimbo haimuulizi mtu umri. Kabeya alimwangalia mkewe, na Bibiane, ambaye Oktoba alitaka kuuza nyumba, alisema tayari ameshamuoshea koti lake zito.

Jumatatu ya mwisho ya Februari alirudisha kadi yake ya mlango katika jengo la Gare du Nord. Msimamizi wa usafi, Héritier, kijana wa Lubumbashi aliyemheshimu sana, alimuuliza kama anakwenda pensheni. Kabeya alisema hapana, anakwenda kazini. Héritier alidhani hakusikia vizuri, akarudia swali, na akapata jibu lile lile.

Siku iliyofuata yeye na Aïcha walikuwa Forest, upande mwingine wa jiji, kwenye kiwanja ambapo jengo la zahanati lilitakiwa kuanza. Palikuwa na matope, mashine mbili za kuchimba, na mhandisi mmoja mwenye kofia nyeupe aliyekuja kwa hatua za haraka akitaka kujua ni nani atakayempa kiwango cha msingi, kwa sababu watu wake walikuwa wanasubiri. Aïcha alikuwa garini akitafuta chaji ya simu. Alinyoosha mkono bila kutoka.

"Muulize Monsieur Kabeya," akasema.

Kabeya alikuwa tayari amesimamisha darubini. Alizungusha skrubu tatu za chini mpaka kiputo cha hewa cha kipimo kikatulia katikati ya duara, akainama, akafumba jicho moja, na kumwambia mhandisi kwa Kifaransa, kwa upole, asogee kidogo kushoto, kwa kuwa alikuwa amesimama mbele ya alama.